Ghanim Kaambiwa Hakuna Kitu

Nyuma ya soko la Matrah, pale kichochoro kinapokata kona kuelekea msikitini, lipo benchi la saruji lililoegemea duka la fundi wa kanzu. Hapo, kila siku baada ya sala ya alasiri, walikuwa wakikaa watu wanne. Wa kwanza ni Muhanna, aliyekuwa farashi wa wizara kwa miaka thelathini, akibeba mafaili ghorofa kwa ghorofa, na tangu astaafu wenzake wakimwita Waziri. Wa pili ni Sleyum, mtu wa Unguja kama Waziri, mwenye redio ndogo isiyomtoka ubavuni. Huyo jina lake Masafa Mafupi. Wa tatu ni Ghanim, aliyezaliwa Tabora na kuendesha malori huko mpaka ami zake walipomleta Oman. Wakimwita Tabora, na Kiswahili chake cha bara kilikuwa hakijaacha kuchekwa hata siku moja. Wa nne, na mdogo wao, ni Thani, mtu wa miaka thelathini na minane, fundi wa programu za kompyuta, naye wakimwita Kompyuta. Kahawa ikitoka kwa Bi Bakhita, mjane wa nyumba ya pili, ambaye mumewe alikuwa mtu wa benchi hilo hilo. Mume alikufa, dele la kahawa halikukatika. Mwaka huo ulikuwa wa pili tangu kimbunga cha Gonu, na watu walikuwa wangali wakioneshana kwenye kuta maji yalipofikia.

Thani hakuwa mtu wa Matrah. Alikuwa akikaa Al Khoudh, karibu na chuo kikuu, chumba na sebule nyuma ya jumba la watu, na kila siku akiendesha gari nusu saa na zaidi kuja kukaa juu ya saruji. Mama yake alifariki mwaka wa kimbunga, na ndiye aliyekuwa akizungumza naye Kiswahili nyumbani. Kazini ni Kiarabu na Kiingereza. Dukani ni Kihindi cha kuokoteza. Baada ya matanga kwisha aligundua kwamba siku tatu zimepita hajatamka neno la Kiswahili, ila moja, alipojigonga kidole cha mguu. Ndipo alipoanza kuja Matrah. Hakuwa msemaji. Akikaa mwisho wa benchi, pale ekondishan ya fundi inapodondosha maji, akisikiliza, na jioni akirudi Al Khoudh na sauti zao zikimtosha mpaka kesho yake.

Siku hiyo Ghanim alitoka kwa fundi amevaa kanzu iliyopunguzwa, nayo ikampwaya vile vile.

— Mara ya tatu hii, Waziri alisema huku akimimina. Mara ya tatu tangu mwezi wa mfunguo pili unakatisha kanzu. Fundi anakukata weye au kitambaa?

— Nimepungua kidogo tu, Ghanim alisema akijishika kiuno. Nyie watu wa visiwani mnapenda kukuza mambo.

— Kidogo! Yakhe, juzi umepita mbele ya taa ya gari nikaona upande wa pili!

Sleyum aliizima redio, jambo alilolifanya pale tu alipokuwa na habari kubwa kuliko za redioni.

— Miye n'shajua, alisema. Ni ekondishan. Nimesikia kwenye kipindi cha afya. Ubaridi wa mashine unakausha uboho. Mtu anaonekana mzima, mifupani mkavu kama biskuti.

— Hana ekondishan huyo, anayo pangaboi.

— Basi pangaboi. Ndiyo mbaya zaidi, inapepea mafuta ya mwili yakaruka.

— Yakaruka yakaenda wapi?

— Kwako, Waziri. Tazama tumbo lako.

Wakacheka, hata Ghanim, lakini kicheko chake kilikatika katikati kwa kikohozi. Thani akamsogezea kikombe.

— Hapana, Waziri alisema baada ya kutafakari. Mnakwenda mbali. Huyu kaoa kwa siri. Ana nyumba ya pili Sidab, na huyo mke wa pili hajui kupika. Anampa mkate na chai kavu. Mwanamume anarudi kwa mkewe wa kwanza hawezi kusema nna njaa, atagundulika. Ndiyo anakondeana hivyo.

— Wallahi Waziri, uliyabeba mafaili gani miaka yote hiyo?

— Ya watu kama weye.

— Mke mmoja ananishinda, Ghanim alisema. Na hospitali nilikwenda, msinifanye mtu mjinga. Nilikuwa na uvimbe hapa kwapani, bado ninao. Wakadunga sindano, wakavuta, wakapeleka maabara. Nikaambiwa nirudi baada ya siku kumi. Nikarudi. Hakuna kitu. Sasa kama wataalamu wamesema hakuna kitu, ninyi wa kwenye benchi mnatafuta nini?

— Hospitali gani?

— Ile zahanati ya binafsi, barabara ya Ruwi, yenye vioo vya buluu.

Uso wa Thani ukachangamka. Ilikuwa nadra benchi hili kufika mahali ambapo yeye alikuwa na la kusema.

— Hiyo kompyuta yao nimeishughulikia miye, alisema.

Wote watatu wakamgeukia.

— Weye? Waziri aliuliza. Umeiunda?

— Sikuiunda, nimeandika programu yake. Maabara yao iko jengo jingine, mtaa wa pili. Zamani majibu yakiletwa kwa karatasi, yakipotea. Miye nimefanya yakapita yenyewe, kompyuta kwa kompyuta. Nimetumia maktaba moja mpya ya kupelekeana ujumbe.

— Maktaba? Mgonjwa anangoja majibu weye unampeleka maktaba?

— Maktaba ya programu, Waziri. Kazi ambayo wenzio washaiandika, unaichukua unaitumia.

— Umeiba.

— Wameitoa wenyewe! Sasa upande wa maabara inafungua soketi, na upande wa zahanati inafungua soketi...

— Ahaa! Sleyum alipiga paja mpaka redio ikaanguka. Hapo! Majibu ya damu yanapita kwenye soketi moja na birika! Ndiyo mtu anapimwa mzima anatoka mgonjwa. Umeme, yakhe! Umeme unagusa damu!

— Si soketi ya umeme, Masafa. Ni jina tu. Ni mlango. Ujumbe unatoka mlango ule unaingia mlango huu.

— Mlango wenye umeme?

— Mwache aseme, Ghanim alisema. Mwenzetu leo amefungua mdomo, mwacheni.

Thani hakuwahi kuieleza kazi yake kwa Kiswahili. Mama yake akijua tu kwamba anakaa mbele ya kioo. Alijikuta akisimama, vikombe viwili mkononi, kimoja akikifanya maabara na kimoja zahanati.

— Kupokea ujumbe kuna namna mbili, alisema. Ya kwanza, programu inakwenda kwenye soketi yake, inakaa kitako, haiondoki mpaka ujumbe uje. Saa nzima, siku nzima, imekaa.

— Kama Sleyum kwenye karamu.

— Ya pili, inachungulia tu. Ujumbe upo, inauchukua. Haupo, inakwenda zake, itarudi wakati mwingine. Mwanzo nilitumia ile ya kukaa. Lakini maabara wakichelewa, skrini ya yule binti wa dirishani inaganda, hawezi kumwandikisha mgonjwa mwingine, foleni inafika barabarani. Wakanipigia kelele. Basi nikabadilisha. Sasa akibonyeza jina la mtu, inachungulia, haigandi kabisa.

— Safi, Ghanim alisema.

Waziri alikuwa amekunja uso. Kompyuta hakuijua, ila kupeleka vitu alikujua vizuri sana.

— Na ikichungulia ikakuta hamna? aliuliza.

— Ikikuta hamna, soketi inarudisha neno: jaribu tena baadaye.

— Yaani bado.

— Ndiyo.

— Maana hayo, Waziri alisema, yalitaka kunifukuzisha kazi. Mkurugenzi mmoja alinituma ghorofa ya nne kuulizia barua. Nikakuta haijaja. Nikarudi nikamwambia, hakuna barua. Akaenda kwenye mkutano akasema hawakutuandikia. Mchana barua ikaja. Yalinifika, wee! Tangu siku hiyo sisemi hakuna. Nasema bado. Bado na hakuna, vitu viwili mbali mbali. Sasa hiyo yako, kwa yule binti, inasema nini? Inasema bado?

Thani alifungua kinywa kujibu. Aliiona ile mistari yake, aliyoiandika mchana mmoja wa Ramadhani, haraka, ili Atheer, yule binti wa dirishani, asione kioo kitupu. Neno alilochagua lilikuwa la Kiarabu, fupi, likikaa vizuri ndani ya kisanduku. Alikuwa amelifikiria kwa Kiingereza na kuliandika kwa Kiarabu, na kwa miezi yote hiyo hakuna lugha iliyomshtua.

Akaviweka vikombe chini.

— Tabora, aliuliza. Yule binti alikwambia nini hasa? Alikusomea?

— Alitazama skrini, akasema, la yujad. Nikamuuliza, ma shay, hakuna kitu? Akanambia, ma shay, ami, hakuna. Nikamshukuru Mungu nikatoka.

— Hukumwona daktari?

— Daktari wa nini, na hakuna kitu?

— Ilikuwa saa ngapi?

— Asubuhi. Saa tatu, saa tatu na kidogo. Kwa nini?

— Nauliza tu, Thani alisema.

Sleyum alikuwa akieleza tena habari ya umeme na damu. Thani akasema ana kazi, akaaga, akaenda kwenye gari. Nyuma yake aliwasikia wakicheka, na Ghanim akisema, mwenzetu katoroka, mmemtisha na soketi zenu.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi, mwanzo wa wiki. Zahanati ilipofunguliwa Thani alikuwa mlangoni. Alikaa kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma akafungua kumbukumbu za programu, ambamo kila mbonyezo na kila ujumbe huandikwa saa yake. Akatafuta jina la Ghanim. Dirishani, jina lilibonyezwa saa tatu na dakika kumi na nne. Programu ilichungulia, soketi ikasema jaribu tena, skrini ikaandika la yujad. Ujumbe wa maabara ulifika saa nne kasoro dakika tano, siku hiyo hiyo. Dakika arobaini na moja. Ulipokewa, ukawekwa kwenye faili la Ghanim, na hakuna aliyelifungua faili lile tena, maana mwenyewe alikuwa ameshukuru na kutoka.

Thani aliusoma. Mwishoni palikuwa na maneno mawili ya Kiingereza, na la pili halihitaji mtu awe daktari.

Alikwenda dirishani.

— Atheer, alimuuliza yule binti, ikiandika la yujad, unawaambia nini wagonjwa?

— Nawaambia hakuna. Si ndivyo ilivyoandikwa?

— Ndivyo, Thani alisema.

Akayachapa yale majibu, akampelekea daktari karatasi mkononi, na hakuondoka mbele ya meza yake mpaka alipomwona ameshika simu na kumsikia akilitaja jina la Ghanim. Kisha akampigia mkubwa wake wa kazi, Hatem. Hatem akauliza kama daktari amearifiwa, akaambiwa ndiyo. Basi, akasema, badilisha neno, usimweleze mtu, mgonjwa ataambiwa kwamba vipimo vimerudiwa kuangaliwa. Thani akabadilisha neno. Akaandika kwa Kiarabu: majibu hayajafika. Kazi yote ilimchukua dakika nne, pamoja na kuijaribu.

Siku mbili hakwenda Matrah. Alikaa Al Khoudh na mapazia yamefungwa, akijiambia kwamba anajihisi homa. Jirani yake, mhadhiri kutoka Sohar, alimgongea kumuuliza hali. Thani akasema alhamdulillah kutoka ndani, bila ya kufungua. Siku ya tatu, alasiri, akaona kwamba akiendelea hivyo ataogopa benchi lile maisha yake yote. Akaendesha.

Aliwakuta wawili, na mahali pa Ghanim pakiwa patupu.

— Kompyuta! Sleyum alisema. Umesikia? Tabora kaitwa. Zahanati wenyewe wamempigia simu. Kenda, hajarudi, wamempeleka hospitali kubwa!

— Nimesikia, Thani alisema. Akakaa mahali pake.

— Sasa hebu niambie, zahanati gani inampigia mtu simu? Zahanati inangoja uende. Miye n'shajua. Damu yake walikuwa nayo miezi yote, wakaiuza. Wazungu wananunua damu za watu waliozaliwa bara, kwa sababu ya malaria. Damu imekomaa. Sasa wameishiwa, wanataka nyingine.

— Hapana, Waziri alisema, lakini hakuwa na nguvu zake za siku zote. Ni sensa. Serikali inawahesabu kimya kimya waliozaliwa Tabora. Kwanza wanawapima, halafu wanawaita mmoja mmoja.

— Wawafanye nini?

— Sijui. Wawape viwanja.

— Kwa uvimbe wa kwapani?

— Au ile soketi, Sleyum alisema, akateremsha sauti. Yakhe, mnajua kwamba jini hukaa penye tundu? Kisima, pango. Soketi ni nini? Tundu. Tena lina moto ndani. Jini kakaa pale, kila jibu linalopita analionja. La Tabora kalipenda.

Waziri hakucheka. Alimimina kahawa kwenye kikombe cha nne kwa mazoea, akakitazama, akairudisha kahawa ndani ya dele.

Hapo ndipo gari jeupe liliposimama mdomoni mwa kichochoro, akashuka mwanamke wa miaka thelathini hivi, buibui limemchakaa kwa kukaa nalo mchana kutwa, macho mekundu. Wanawake hawakuwa wakija kwenye benchi hili. Waziri akakusanya miguu yake. Sleyum akavaa kofia iliyokuwa gotini.

— Shikamooni, alisema.

— Marahaba, mwanangu.

— Miye Noof, wa Ghanim.

— Noof! Waziri aliinuka. Nimekujua ukibebwa. Vipi mzee?

— Kalazwa. Daktari anasema uvimbe ule ni maradhi mabaya, na yameshatembea. Alisema maneno hayo kama mtu aliyekwisha kuyasema mara nyingi siku hiyo. Na anasema majibu yalikuwepo. Tangu mfunguo pili yalikuwepo. Miezi mitatu na nusu yamekaa kwenye faili, na baba anapunguza kanzu.

Waziri akakaa tena, polepole.

— Pale zahanati kila mtu ananipeleka kwa mwenzake. Baba kanambia, nenda kwenye benchi, yuko rafiki yangu Kompyuta, yeye anaijua mashine ya pale, atakwambia. Nani kati yenu?

Thani akainuka. Maji ya ekondishan yalikuwa yamemrowesha bega zima na hakuwa ametambua.

— Ni miye.

— Basi nambie. Nani alimwambia baba hakuna kitu?

Angeweza kusema skrini. Angeweza kusema Atheer, au maabara waliochelewa, na yote yangekuwa na ukweli ndani yake. Waziri alikuwa akimtazama, na Thani akaona kwamba yule farashi mzee ameshajua, labda tangu ile siku ya vikombe viwili.

— Nilimwambia miye, alisema. Programu ni yangu. Alipokwenda, majibu yalikuwa hayajafika. Zilibaki dakika arobaini na moja yafike. Programu ilipaswa kumwambia asubiri, nami nikaiandikia iseme hakuna. Sikukusudia. Sikulifikiria lile neno. Lakini nimeliandika miye, hakuna mwengine.

Noof alimsikiliza mpaka mwisho. Hakulia wala hakupaza sauti. Alikuwa mwalimu wa hesabu, Ghanim akijisifia naye daima, na uso wake ulikuwa wa mtu anayefuata hesabu mstari kwa mstari.

— Ilianza lini kusema hivyo?

— Ramadhani.

— Na ukaibadilisha lini?

— Jumamosi hii.

— Kila aliyekwenda kabla ya majibu yake kufika, akasomewa hivyo hivyo?

— Ndiyo.

— Wako wangapi?

Thani akamtazama.

— Wengine, Noof alisema. Waliotoka pale wakamshukuru Mungu kama baba. Wako wangapi?

Waziri alimgeukia Thani. Sleyum naye akamgeukia, redio ameikumbatia. Thani alitafuta namba kichwani na hakuikuta, kwa sababu hakuwahi kuitafuta. Asubuhi ile alikuwa ameandika jina moja tu. Alilipata jina la Ghanim, likamjaa kichwa kizima, akafunga mashine.

— Sijui, alisema.

Noof akangoja kidogo, kama huenda mwengine anajua. Kisha akarudi garini. Waziri akainama, akaanza kukusanya vikombe vya Bi Bakhita kabla ya wakati wake, na Sleyum akasema, bila ya kumtazama Thani:

— Fi aman illah, ya akhi.

Kiarabu. Kwa miaka miwili Sleyum hakuwahi kumuaga kwa Kiarabu. Thani akaitikia kwa Kiarabu, akaondoka.

Walikuwa mia mbili na kumi na wanane. Ilimchukua siku mbili kuwapata wote kwenye kumbukumbu. Wengi walikuwa wamerudi wenyewe kwa sababu nyingine, au madaktari wao waliwafuatilia. Thelathini na mmoja hawakurudi. Hatem alipojua kwamba Thani anafanya hesabu hiyo alimwambia aache, kampuni itazungumza na zahanati kwa barua. Thani akasema barua itachelewa. Hatem akamwambia basi achague, kazi yake au orodha hiyo. Akachagua orodha. Yule daktari, ambaye alikuwa na binti wa umri wa Noof, akampa kiti pembeni ya Atheer na simu moja, na sharti moja: aseme tu kwamba majibu yamefika, warudi wayachukue, asiongeze neno.

Wengi hawakuwa na ugonjwa wowote, wakachukia kusumbuliwa. Mwanamke mmoja wa Al Khoudh alikuja, akasomewa, akakaa kwenye gari lake nje ya zahanati mpaka mumewe akaja kumchukua. Daktari alisema huyo amewahi, maradhi hayajatembea. Mzee mmoja simu yake aliipokea kijana, akasema baba tumeshamzika. Hakusema kwa maradhi gani, na Thani hakuthubutu kuuliza.

Thani alimwendea Ghanim mara moja tu, hospitalini. Alimkuta amekaa kitandani, nywele zimeanza kumtoka kwa dawa, akitazama dirishani. Ghanim alimwona mlangoni, akaivuta miguu kumpa nafasi.

— Kaa, alisema.

Thani akakaa. Muuguzi aliingia, akabadilisha chupa ya maji, akatoka. Baada ya muda mrefu Ghanim akasema:

— Yule mtoto wangu kaniambia ulisema mwenyewe. Mbele ya watu.

— Ndiyo.

— Umefanya vizuri. Akavuta shuka mpaka kifuani. Sasa nenda, na usije tena mpaka nikuite.

Thani akangoja kuitwa. Alisikia kwa mdomo wa watu kwamba Ghanim alipelekwa India, kwamba alirudi, kwamba siku moja alikaa benchini kidogo akiwa na fimbo, Waziri akamchekesha. Kwamba miezi sita mingine wataangalia tena. Mwito haukuja. Matrah alipita mara mbili kwa gari, wakamwinulia mikono kwa adabu, kama mtu anavyomwinulia mkono mgeni wa mtaa.

Kwenye ile orodha, Ghanim akiwa bado hajapelekwa India, lilibaki jina moja. Aya binti Aws, miaka sitini na moja, simu ya nyumbani, na mahali pa anwani neno moja tu: Sidab. Wiki tatu simu iliita bila ya kupokelewa. Alhamisi moja asubuhi Thani akaendesha mpaka Sidab, akaulizia, akaoneshwa nyumba nyeupe yenye mlango wa chuma wa kijani, karibu na mwisho wa njia. Akagonga. Jirani akachungulia juu ya ukuta, akasema Bi Aya yuko peke yake, mwanawe yuko Uingereza, kwa kawaida hatoki, wala simu hapokei ila usiku, ya mwanawe. Labda kalala. Labda kaenda kwa watu. Jirani hakuwa amemwona siku mbili tatu, lakini si mtu wa kuonekana sana.

Thani akagonga tena, akaita, hodi, Bi Aya, natoka zahanati. Alisema kwa Kiswahili, kwa sababu jirani alimwambia ndicho anachokipenda. Kisha akatoa simu ya mkononi, akabonyeza ile namba ambayo sasa vidole vilikuwa vimeihifadhi, akaiweka sikioni.

Aliisikia ikiita ndani, upande wa pili wa mlango, karibu kabisa.

Hakuikata. Jirani akateremka ukutani, akaja kusimama karibu naye, nao wakasikiliza, mlio baada ya mlio.